Kidumu Getini: Shajara ya Mradi wa Maji wa Serikali ya Wanafunzi

Mimi ni mwalimu mlezi wa serikali ya wanafunzi katika shule ya sekondari ya kata wilayani Bahi, Dodoma. Tuna wanafunzi 412, wote wa kutwa. Shajara hii ni ya walezi na viranja wa shule nyingine wanaofikiria kuvuna maji ya mvua. Wataona tulipokwama na fedha zilipokwenda. Mambo yaliyokwenda vizuri nimeyapitia haraka, maana hayo hata bila shajara yangekwenda.

23 Agosti 2024: Hoja ya kidumu

Viranja wapya wameshaapishwa. Kidato cha nne wamekabidhi ofisi wakajiandae na mtihani wa Novemba, na leo limekaa baraza la kwanza. Hoja zilikuwa zilezile za kila mwaka: uji mwepesi, mpira umepasuka, kengele inagongwa mapema. Kisha akasimama kiranja wa mazingira, binti wa kidato cha tatu, akauliza kidumu kitaisha lini.

Kwa asiyejua, kila mwanafunzi hapa hufika asubuhi na kidumu cha maji cha lita 5. Viranja husimama getini na daftari, na asiye na kidumu huandikwa jina, akapelekwa kwa mwalimu wa zamu. Kisima cha kijiji kina maji ya chumvi na mashine yake hufa mara kwa mara. Ikifa, watu huenda korongoni kufukua mchanga. Binti huyo alisema anaamka saa kumi alfajiri kuchota, kisha saa moja yuko getini anaandika majina ya wenzake walioshindwa kuchota.

Viranja walipingana vikali kuliko nilivyotarajia. Kaka mkuu aliuliza swali ambalo nimeliandika kama lilivyo: "Tukiacha kuandika majina, nani atatuogopa?" Wengine wakaguna, lakini hakuwa peke yake. Kwa shule nyingi ninazozijua, kiranja ni mgambo wa mwalimu wa zamu, na mgambo bila daftari ni nani? Hoja ilipita kwa kura chache. Mkuu wa shule alikubali kwa sharti moja: waje kwanza na hesabu, halafu ndiyo waje na ombi.

14 Septemba 2024: Vipimo

Hapa ndipo wazo la kukinga maji ya mvua kwenye tangi lilipotaka kufia. Wanafunzi 412 kwa lita 5 ni lita 2,060 kwa siku. Tangi la lita 5,000, ambalo ndilo tulilokuwa tunaliota, lingekauka siku ya tatu. Kikao cha jioni hiyo kilikuwa na watu tisa tu na nyuso zilikuwa chini. Niliwasimulia kwamba Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa mazingira, ulianza mwaka 1991 na wanafunzi 12 kwenye kibaraza cha mtafiti wa sokwe Jane Goodall, Dar es Salaam. Mhazini akanijibu kwamba hao walikuwa wamewazidi watatu.

Kilichotuokoa ni kupima matumizi badala ya kuhesabu vidumu. Kwa wiki nzima viranja wa zamu walikaa kwenye mapipa wakiandika kila ndoo inayotoka na inakokwenda. Maji yaliyofika kweli yalikuwa kama lita 1,300 kwa siku, kwa kuwa vidumu vingi huja nusu na wapo wasiovileta. Katika hizo, lita 500 zilikwenda kwenye maua ya mbele ya ofisi na miti. Kudeki madarasa na ofisi kulichukua 200, vyoo 150, jikoni 280. Kunywa na kunawa vilibakiwa na 170. Yaani watoto walikuwa wanabeba maji kichwani kilomita kadhaa ili maua ya ofisi yastawi. Karatasi ile ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, chumba cha walimu kilikuwa kimya siku nzima.

Bila maua na kudeki, shule inahitaji lita 600 kwa siku. Sasa paa. Jengo la madarasa mawili na ofisi lina urefu wa mita 20, na upande mmoja wa paa una upana wa mita 4, yaani mita za mraba 80. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ukitoa kiasi kinachoruka na kinachokauka kwenye bati, unabaki na asilimia 80 hivi. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa 550, upande mmoja unatoa lita 35,200. Hizo ni siku 58 za shule. Haziwezi kumaliza kidumu mwaka mzima, ila zinaweza kukiondoa wakati wa mvua, na baada ya hapo kila kidato kikawa na siku yake moja ya kuleta.

Hesabu hii waliifanya wao kwenye ubao, na ndiyo iliyopelekwa bodi ya shule. Bodi ikatoa shilingi 400,000. Mjumbe mmoja alitaka tangi la lita 10,000 "tukiwa tumeshaanza". Dada mkuu akamwambia kwa adabu kwamba mzee, mvua kubwa ya milimita 40 kwenye paa hili inaleta lita 2,560 tu.

19 Oktoba 2024: Mahafali na ahadi

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, shule haiwezi kumdai mzazi mchango kama zamani, na mimi naona ni sawa. Kwa hiyo tulitegemea harambee ya mahafali ya kidato cha nne, tarehe 12. Taslimu zilipatikana 386,000. Ahadi zikafika 1,450,000 pamoja na mifuko 20 ya saruji. Watu walipiga makofi sana.

Mnajua ahadi za mahafali zinavyokuwa. Safari hii mhazini alikuwa amejiandaa. Alikaa pembeni ya mshereheshaji na daftari, akaandika jina, kiasi, namba ya simu na tarehe ambayo mwenyewe ameitaja, kisha akampelekea kila mmoja atie sahihi kabla hajafika kwenye pilau. Mgeni rasmi alicheka, akasaini.

Jumatatu yake alitaka kubandika orodha ya wadaiwa kwenye ubao. Tulimzuia. Tuliona ni afadhali abandike orodha ya waliolipa na aiongeze kila wiki. Naongeza baadaye: ilifanya kazi kuliko simu, maana wazazi wanaokuja shuleni wanasoma, kisha wanaulizana. Hadi Novemba ahadi zilizolipwa zilifika 830,000. Saruji ilikuja mifuko 6. Kwa atakayeiga: panga bajeti yako kwa nusu ya ahadi, na kwenye saruji usivuke theluthi.

9 Novemba 2024: Msingi wa tangi

Wanafunzi walisomba mawe Jumamosi mbili. Mchanga na kokoto 70,000, fundi 90,000. Tangi la lita 5,000 tulilinunua Dodoma mjini kwa 980,000, na kulisafirisha 60,000. Baada ya hapo mfuko ulibaki mwembamba.

Msingi ulijengwa kwa kimo cha sentimita 30, fundi akadai hivyo ndivyo wanavyojenga wote. Siku ya kulipandisha tangi, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ambaye hata si kiranja, alileta ndoo ya lita 20 akaiweka chini ya tundu la koki. Haikuingia. Ndoo ile ina kimo cha sentimita 37 hivi, na koki ikishapachikwa inashuka chini zaidi ya tundu. Fundi akashauri tuchimbe shimo la kuwekea ndoo. Viranja walikataa, kwa sababu shimo likijaa matope ndoo hukaa ndani ya matope na maji ya kunywa yanachotewa humo.

Tuliongeza kozi mbili za tofali: saruji mifuko miwili 36,000 na fundi 40,000. Shilingi 76,000 kwa sababu hakuna aliyeleta ndoo siku ya kupima. Pima kwa chombo kitakachotumika, na kwa kikubwa kuliko vyote.

23 Novemba 2024: Magata

Magata, vishikio, bomba la inchi 4 na elbo vilikula 268,000, fundi wake 60,000. Aliyafunga kwa macho, akasema yamenyooka. Yalikuwa yamenyooka kweli, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Tulipomwaga ndoo juu ya paa maji yalisimama katikati, yakafurika ukutani, yakachimba mtaro chini ya dirisha la ofisi.

Mwalimu wa fizikia alileta mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Vijana wawili wakapanda ngazi, mmoja kila mwisho wa jengo, mpira umejazwa maji. Vipimo vya mwanzo vilipishana na ukweli kwa kiganja kizima na hawakuelewa kwa nini, mpaka msichana aliyesimama chini akaona povu la hewa limekaa katikati ya mpira. Walilitoa kwa kuunyanyua mpira taratibu kutoka upande mmoja, huku fundi akiwatazama na kucheka. Kisha maji yakatulia, wakaweka alama mbili za chaki, na fundi akaacha kucheka. Gata linatakiwa kushuka sentimita 1 kila mita 2, kwa hiyo kwetu ni sentimita 10 kutoka mwanzo hadi mwisho. Vishikio vyote vilifunguliwa vikafungwa upya kwa uzi. Fundi hakudai hela ya pili, ila aliomba kipande cha ule mpira.

5 Desemba 2024: Mvua, na mwenyekiti mpya

Mvua ya kwanza imenyesha usiku. Maji yaliingia tangini, asubuhi tukayaonja kwa macho tu: rangi ya chai, na manyoya ya ndege juu. Kanuni tuliyokuwa tumeisoma inasema utupe nusu milimita ya mwanzo, yaani lita 40 kwa paa letu. Tulikuwa tumeweka bomba la kusimama la mita 2 kukusanya maji machafu, lakini bomba la inchi 4 halifiki lita 20 kwa urefu huo. Njia ya dharura ilikuwa kiranja wa zamu ageuze bomba kwa mkono mvua inapoanza. Ni njia nzuri ikiwa mvua ya Bahi itakubali kunyesha saa za shule.

Jambo jingine: mwenyekiti wa kijiji wa zamani alikuwa ametuahidi kwa mdomo mlinzi wa kuangalia tangi likizo yote. Uchaguzi wa serikali za mitaa umefanyika tarehe 27 Novemba, mwenyekiti ni mwingine, na ahadi ile imeondoka na mwenye nayo. Shule inafungwa wiki hii. Viranja wanaoishi kitongoji cha jirani wamejipangia zamu.

18 Januari 2025: Tangi tupu

Tumefungua shule, tangi halina maji. Zamu ilikwenda vizuri hadi Krismasi. Baadaye ng'ombe waliokuja kulamba unyevu wa koki waliivunja, au watoto waliiacha wazi, inategemea unamuuliza nani. Tangi lilikuwa limejaa hadi juu kabla ya hapo, kwa hiyo ni lita 5,000 usiku mmoja.

Daftari la kidumu lilirudi getini asubuhi hiyohiyo. Baadhi ya walimu walisema waliyasema. Kaka mkuu, yuleyule wa nani atatuogopa, ndiye aliyekataa kulishika. Alisema hawezi kumwandika mtu kwa maji yaliyomwagika wakati viranja ndio waliokuwa na zamu. Akapendekeza viranja walete vidumu viwili kila mmoja hadi tangi lijae tena. Walileta. Mvua ilirudi baada ya siku chache, nashukuru, maana wasichana wengine walikuwa wameanza kuchelewa.

Koki ya chuma inayofungwa kwa kufuli, 26,000. Tulikopa kwa mwalimu wa stoo. Uzio wa miiba haukugharimu kitu, ila mikono ya watu.

22 Februari 2025: Mkutano mkuu wa kijiji

Kufuli lilileta kesi. Majirani walikuwa wameshazoea kuchota, na mashine ya kisima ilikuwa imekufa tena. Mama mmoja aliuliza kwa nini mtoto wake asombe mawe ya tangi halafu yeye afungiwe koki. Swali la haki. Viranja walijadiliana hadi giza. Wapo waliosema maji ni ya shule, wapo waliosema shule ni ya nani. Wakaamua kwenda mkutano mkuu wa kijiji.

Mkutano huo kisheria ni wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea, hukaa kila miezi mitatu, na viranja wetu karibu wote hawajafika umri huo. Mtendaji wa kijiji aliwaingiza kama waalikwa, akawapa dakika chache mwishoni, baada ya ajenda ya mifugo iliyochukua saa mbili juani. Dada mkuu aliamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" na watu wakaitikia. Hakuomba chochote. Alisoma daftari: paa linaleta kiasi gani, shule inatumia kiasi gani, kwenye mvua nzito tangi hufurika na maji ya ziada yanapotea shambani. Kisha akasema maji hayo ya ziada shule inaweza kuyagawa, kama kijiji kitaleta chombo cha kuyapokea na mtu wa kushika ufunguo wa pili.

Mzee mmoja wa mbele akamuuliza, "Mjukuu wangu, na huo ufunguo mkituibia sisi?" Kicheko. Akajibu, "Shikamoo babu. Ndiyo maana tunaomba wa pili mkae nao nyie."

Makubaliano yaliandikwa kwenye muhtasari wa mkutano, si kwa mdomo tena. Kufuli lina funguo mbili, mmoja kwa kiranja wa mazingira, mwingine kwa mjumbe wa chombo cha kijiji kinachosimamia huduma ya maji. Jumamosi na Jumapili, maji yakiwa juu ya alama ya nusu, kaya za jirani huchota ndoo moja moja, wazee na wajawazito kwanza. Likizo, ulinzi ni wa kijiji. Kijiji kilichangia 150,000.

Kwa fedha hiyo tulilipa deni la koki, tukanunua pipa la lita 60 na viungio kwa 47,000. Pipa linapokea maji ya kwanza kutoka kwenye bomba. Likijaa, mpira wa plastiki unaoelea unaziba mdomo na maji yanayofuata yanakwenda tangini. Chini lina tundu dogo la kujimwaga lenyewe, hivyo hata mvua ya saa nane usiku haihitaji mtu. Rangi ya chai imeisha. Ya kunywa bado tunatia dawa kwenye ndoo zenye koki madarasani, na tunaendelea.

10 Mei 2025: Vidumu vya zamani na mchwa

Mvua zimekwisha. Kuanzia Januari hadi Aprili, ukiacha zile siku za koki, hakuna aliyeandikwa jina kwa kidumu. Sasa tuko kwenye zamu ya kidato kimoja kwa siku, watoto kama 100, lita 500, na bakaa ya tangi inaziba pengo. Maua ya ofisi yanamwagiliwa kwa maji ya kunawia. Yamepungua, lakini yapo.

Vidumu vilivyobaki viligeuzwa vibuyu chirizi karibu na vyoo. Kidumu kinaning'inia kwenye mti, kamba inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga, mkono haugusi kitu. Miti ilidumu wiki chache tu. Mchwa wa hapa hawana subira. Oili chafu tuliyopaka iliwachelewesha, haikuwazuia. Tulihamia nondo fupi zilizosimikwa kwenye zege. Sabuni ya kipande ilikuwa inatembea, tukaweka sabuni ya maji kwenye chupa yenye tundu kwenye kifuniko, imefungwa kwa waya. Chupa ya kwanza ilitembea na waya wake. Gharama ya nondo, kamba, waya na sabuni: 53,000.

29 Agosti 2025: Makabidhiano

Viranja wapya wamechaguliwa. Safari hii wagombea wawili wa ukaka mkuu waliulizwa na wapiga kura paa la upande wa pili litafungwa magata lini, na mmoja aliyejibu "tutalishughulikia" alizomewa.

Hesabu nzima iliyowekwa mezani leo: mapato 1,766,000, yaani mahafali taslimu 386,000, ahadi zilizolipwa 830,000, bodi 400,000, kijiji 150,000. Matumizi 1,730,000. Salio 36,000. Ahadi ambazo hazijalipwa ni 620,000, na majina yake yamo kwenye bahasha anayokabidhiwa mhazini.

Mhazini mpya, mvulana mwembamba wa kidato cha tatu, amekataa kutia sahihi. Amejumlisha risiti za mchanga na kokoto akapata 56,000, wakati daftari linasema 70,000. Shilingi 14,000 zilizobaki ni za mkokoteni wa punda, na mwenye mkokoteni hakuwa ametoa risiti. Mhazini wa zamani aliapa, kaka mkuu wa zamani akashuhudia, mimi mwenyewe nikasema nilikuwepo. Kijana akasema anatuamini wote, ila anataka karatasi. Mwenye punda yuko shambani, anarudi katikati ya wiki. Makabidhiano yamesogezwa hadi Ijumaa ijayo.